Hotuba Rasmi Kuhusu Kiuno na Vitongoji Vyake

Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa nimeisamehe.

Wazee wangu wa Rungwe, mama zangu, walimu, watumishi wa halmashauri mliotoka ofisini kwa ruhusa na nyinyi mliotoka bila ruhusa, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu na wewe mmoja ambaye bado unapiga resi hapo nje: mugonile! Nasimama mbele yenu nikiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa shughuli na mtoa mada. Vyeo hivi vilikusudiwa watu watatu, ila katika kupekua sifa za waombaji nilijikuta nimebaki peke yangu. Nikajipongeza kwa niaba yenu. (Makofi.)

Hapo palikuwa pa makofi. Hotuba hii imeandikwa kwa mtindo wa kumbukumbu za Bunge, na kila panapostahili makofi pameandikwa. Mimi nitasoma, nyinyi mtapiga.

Najua mvua inanguruma juu ya bati. Mji huu wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na sina nia ya kushindana nazo zote leo. Nitapaza sauti penye hekima, kwingine mtajaza wenyewe.

Mada yangu ni kiuno. Wapo waliodhani nimekuja kufundisha kukikata. Nawaona, wamewahi viti vya mbele. Poleni. Mimi nazungumzia kukitegemeza: ile misuli ya ndani kabisa inayoshika mgongo wa chini usiyumbe, na mazoezi ya kuiimarisha. Utaalamu wangu katika jambo hili hauna shaka. Sikuupata chuoni, ambako mtu yeyote akilipa ada anaupata. Niliupata kwa kukaa. Nimekaa kitini sehemu kubwa ya maisha yangu nikiitafakari migongo ya watu wengine ikipita.

Tuanze na historia, maana mtaalamu asiye na historia ni fundi tu. Wengine hulianzisha tatizo la kuumwa kiuno Ulaya. Mimi nalianzisha Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Walipita juu ya majivu ya volkano, nasi hapa tunapanda migomba juu ya udongo wa volkano, kwa hiyo undugu upo. Tangu kiumbe wa kwanza aliposimama wima, pingili tano za kiuno zilikabidhiwa kifua, kichwa, mikono yote miwili na chochote ambacho mikono hiyo ingeokota, na hakuna aliyeziuliza kama zinaafiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Kwa ushahidi wa nyayo zile, nadai mbele yenu kwamba maumivu haya ni bidhaa iliyotoka Tanzania, na mrabaha wetu haujalipwa. (Makofi.)

Asante, mzee. Mmoja anatosha kuanzia.

Sasa niingie tumboni. Tukimfungua binadamu kati ya mbavu na nyonga, jambo ambalo nawasihi msilijaribu nyumbani, tunakutana kwanza na msuli wa mbele ambao vijana wa jimu hujipiga nao picha wakiuita siksipaki. Huo ni msuli wa maonyesho. Ubavuni ipo misuli ya mshazari, tabaka mbili. Chini ya hiyo, ndani kabisa, umelala msuli mkingamo wa tumbo, ambao wasomi huuita transivasi abdominisi, nami huuita hivyo nikiwa mbele ya watu wanaonidai. Unashikizwa nyuma kwenye utando wa kiuno, unazunguka ubavu, unakuja kukutana na mwenzake mbele. Nyuma, kandokando ya uti wa mgongo, ipo misuli mifupi ya maltifidasi inayounganisha pingili na pingili. Juu kuna kiwambo, msuli wa pumzi unaotenga kifua na tumbo. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo mama zangu mliojifungua mnaijua kwa visa vyake zaidi kuliko kwa jina. Makundi haya manne yakikaza kwa pamoja, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na pingili hutulia. Moja likichelewa, pingili hucheza kidogo, na mwenye nazo hushika kiuno akaanza kupitia orodha ya majirani wanaoweza kuwa wamemroga.

Huu msuli mkingamo ni kipunji wa mwili. Kipunji mnamjua, yule tumbili wa msitu wa Mlima Rungwe mwenye manyoya yaliyosimama kichwani. Wasomi walimgundua mwaka 2003, wakamtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Walimgunduaje? Waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja. Yaani alikuwa anajulikana siku zote, ila si kwa watu wenye kalamu. Ndivyo na msuli huu. Umekuwa ukifanya kazi kimya tangu Laetoli, hadi mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walipochapisha jaribio lao. Walichukua watu 15 wenye maumivu ya kiuno na 15 wasio nayo, wakawachomeka nyaya nyembamba hadi kwenye misuli ya tumbo, wakawaambia wanyooshe mkono kwa haraka. Kwa wale wazima, msuli mkingamo ulikaza kabla ya msuli unaousogeza mkono. Mkono haujaenda popote, tumbo limeshajiandaa. Kwa wale wenye maumivu, ulichelewa.

Kuchelewa huko, ndugu zangu, ndiko kulikotengeneza ajira za wataalamu. Dunia nzima ikaanza kuvuta kitovu kuelekea mgongoni. Ni kweli Mjerumani Joseph Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufa mwaka 1967, alikuwa ameshahubiri habari za tumbo lililokazwa zamani kabla ya nyaya hizo. Wajerumani waliotufikia sisi walikuwa na mahubiri mengine: walijenga boma, wakauita mji huu Neu-Langenburg, na mizigo yao ikapanda huku juu kwa migongo ya watu wetu bila hata somo moja la kupumua.

Halafu likatokea la kuudhi. Mwaka 2016 jopo la Cochrane, watu ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya wenzao na kuyapima upya, lilichambua majaribio 29 yenye washiriki 2,431 kuhusu mazoezi haya ya kuidhibiti misuli ya ndani kwa wenye maumivu sugu ya kiuno. Wakasema yanasaidia kuliko kuachwa hivi hivi, lakini yakilinganishwa na mazoezi ya aina nyingine hakuna tofauti ya maana. Zoezi lolote la busara unalolifanya bila kuacha linakufikisha pale pale. Taarifa hii niliisoma na sikuipenda. Inamwondolea mtaalamu ulaji. Nimeona niwaambie kwa sauti ya chini wakati mvua imezidi. Mmesikia? Vizuri. Hamkusikia.

Tuingie kwenye vitendo. Tandikeni mikeka. Mimi sitalala chini kwa sababu suti hii ni ya kuazima na mwenyewe yumo humu ndani. Nitaelekeza kwa fimbo.

Zoezi la kwanza ni la kuamsha huo msuli mkingamo. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga. Tafuta ile mifupa miwili ya nyonga inayochomoza mbele, kisha peleka vidole ndani kidogo ya mifupa hiyo. Toa pumzi polepole, na sehemu ya chini ya tumbo uivute ndani taratibu, kwa robo tu ya nguvu zako. Vidole vitahisi kitu kinakaza kwa upole. Kikivimba na kuvisukuma vidole, umetumia nguvu mno na misuli ya juu imeingilia, anza upya. Shikilia sekunde kumi huku ukipumua kawaida. Ili nijue kwamba hamjabana pumzi, mtataja kwa sauti vituo vya njia ya kuja kwetu: Uyole, Isongole, Kiwira, Kyimo, Tukuyu. Aliyefika Tukuyu bila kukata pumzi amefaulu. Aliyeishia Kiwira anunue ndizi arudi alikotoka.

Zoezi la pili huko duniani wanaliita mdudu aliyekufa. Mimi nimelisajili kwa jina la Mheshimiwa Baada ya Uchaguzi. Bado uko chali, mikono imeelekea dari, magoti yamepanda juu ya nyonga, yamekunjwa. Shusha mkono wa kulia kuelekea nyuma ya kichwa na wakati huohuo unyooshe mguu wa kushoto mbele, polepole, bila kugusa chini. Rudi. Badili. Sharti ni moja tu, mgongo wa chini usibadili mkao wake mkekani. Ukiona umejipinda na kunyanyuka, mguu umekwenda mbali kuliko unavyoumudu, fupisha safari. Nawaona watumishi wa halmashauri mnalifanya vizuri sana, inaonekana mmewahi kuwaona wahusika kwa karibu.

La tatu ni la magoti na viganja. Mgongo umelala sawa, macho yanatazama mkeka. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde nane au kumi, rudisha, badili. Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada, aliyeipima migongo maabara kwa miongo kadhaa, amelipanga hili kati ya mazoezi yake makuu matatu, na anashauri kushikilia kwa muda mfupi na kurudia mara nyingi, maana mgongo unahitaji ustahimilivu kuliko mabavu. Mchango wangu mimi ni kikombe. Mwenzako akuwekee kikombe cha bati juu ya kiuno, kitupu, msije mkanifikisha mahakamani. Kikianguka, nyonga imepinda. Kikitulia, mnaweza kukijaza chai, mkanywa mkiwa mmekaa.

La nne ni la ubavu, nami nalipita haraka kwa sababu halina mvuto jukwaani. Lala kiubavu, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa, nyanyua nyonga, shikilia, shuka. Wazee wafanye wakiwa wamesimama na kiwiko kimeegemea ukuta. Basi.

Zoezi la tano ni fahari ya wilaya. Naliita Daraja la Mungu, kwa heshima ya lile daraja la mwamba juu ya Mto Kiwira, lililoachwa na lava iliyopoa, ambalo miaka yote hii halijawahi kuombewa fedha za ukarabati. Lala chali, kunja magoti, kandamiza visigino, nyanyua nyonga mpaka magoti, nyonga na mabega vikae kwenye mstari mmoja. Kazi iwe ya makalio. Nyuma ya mapaja pakianza kukakamaa, sogeza visigino karibu. Mzee, wewe wa pale kona, hilo si daraja, hilo ni kivuko. Nyanyua. (Kicheko.)

Nyongeza kuhusu saa. Usiku ukiwa umelala, diski zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kujaa. Ndiyo sababu kila mkazi wa Tukuyu asubuhi ni mrefu kuliko alivyo jioni, kwa sentimeta moja hadi mbili. Kijana anayekwenda kupimwa urefu ili aajiriwe awahi. Lakini diski iliyojaa haipendi kukunjwa, kwa hiyo katika saa ya kwanza baada ya kuamka epukeni kuinama sana. Mkulima anayeingia shambani alfajiri hawezi kulitii agizo hili. Hotuba hii sikumwandikia yeye.

Samahani kidogo. Mama, wewe uliyesimama mlangoni na mkungu wa ndizi kichwani. Tua, mama yangu. Hapa tunajifunza kutunza mgongo.

Anasema hatui. Anasubiri mvua ipungue aendelee na safari, na akiutua hatapata wa kumtwisha.

Mama, humu ndani tupo wanaume arobaini.

Anasema ametuona.

Basi, kwa kuwa amekataa kutua, nitamtumia kama kielelezo, kwa gharama zake mwenyewe. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waliwapandisha kwenye mashine ya kutembelea, wakapima hewa wanayovuta. Wakakuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei gharama yoyote ya nguvu. Ni sawa na anayetembea mikono mitupu. Wazungu wakastaajabu, maana askari wao wakibeba uzito huo hulipa kila kilo. Sasa fanyeni hesabu. Asilimia 20 ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12. Mkungu ule, kwa jicho langu la kitaalamu, haupungui kilo 30. Msamaha unaishia kwenye kilo ya kumi na mbili, zilizobaki analipa mwenyewe, taslimu. Na msamaha wenyewe una wapinzani: mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuuona, wakaandika kwamba wabebaji walilalamikia shingo.

Lakini mtazameni. Mkungu hautikisiki. Mbavu zimekaa juu ya nyonga, nyonga juu ya miguu, pumzi inashuka hadi tumboni. Makundi manne niliyoyaeleza kwa Kilatini yanafanya kazi kwa pamoja, na mwenyewe wala hayashughulikii, ananitazama mimi. Mama, nani alikufundisha kusimama hivyo?

Anasema mkungu.

Naliingiza jibu hilo kwenye kumbukumbu kama ugunduzi wangu. (Makofi.) Sasa mmepiga bila kusomewa, sijui mnampigia nani.

Msije mkadhani nimesema kubeba ni dawa kwa kila mtu. Kule Katumba na Mwakaleli mchumaji anasimama mbele ya mti wa chai uliokatwa usawa wa kiuno. Anainama kidogo, anachuma majani mawili na kichipukizi, anatupia kapuni nyuma, anainama tena. Kapu linajaa, yeye anazidi kwenda mbele. Kuinama huku kudogo kwa saa nyingi ndiko kunakoichosha misuli midogo ya nyuma mpaka ikaacha kazi, na ikiacha kazi uzito unahamia kwenye kano na diski. Sasa mtaalamu mwenye fimbo akimwambia mtu huyo kwamba jioni, kabla hajapika wala kuteka maji, alale chali afanye Mheshimiwa Baada ya Uchaguzi, mtaalamu huyo anastahili kupigwa na kapu. Anachohitaji ni kutua mapema kabla kapu halijafurika, kunyooka kila anapomaliza mstari, mikono kiunoni akajikunja kidogo kwa nyuma, na mtu wa kumpikia.

Na vifaa je? Huko California wafanyakazi wa mashambani walikuwa wakipewa jembe la mpini mfupi sana ili msimamizi akiangalia kwa mbali ajue nani ameinama na nani amenyooka. Migongo iliharibika mpaka mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Hakuna zoezi lililotungwa, walirefusha mpini. Nalitaja hili kwa shingo upande kwa sababu mipini inauzwa na watu wengine.

Mzee mmoja hapa mbele ananikumbusha kwamba zamani Mnyakyusa mwanamume ndiye aliyeshika jembe, na vijana walilima mashamba ya baba zao kabla ya kufikiria kuoa. Ni kweli, mzee wangu. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huku miaka ya 1930, walikuta hivyo, na Monica akayaandika maisha ya vijiji vya marika katika kitabu chake cha mwaka 1951. Lakini muda wa kuchangia mada haujafika. Ukifika nitautangaza, na kama ratiba inavyoonyesha, hautafika.

Mazoezi yangu basi ni ya nani? Ni ya anayekaa. Ni ya karani ambaye kiti chake kimeshika umbo lake. Ni ya kijana wa bodaboda anayeshinda juu ya tangi la mafuta, kiuno kimejikunja, akipokea kila shimo la barabara kwa pingili ile ya mwisho. Ni ya mzee wa pombe ya kimpumu ambaye benchi linamwita kwa jina. Na msiseme kukaa ndiyo dhambi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha habari za Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, wakakuta kwamba nao hupumzika karibu saa kumi kwa siku, sawasawa na watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo. Kwa hiyo nashauri vikao vya halmashauri vifanyike wajumbe wakiwa wamechuchumaa. Migongo itapona, na vikao vitakuwa vifupi kiasi ambacho nchi hii haijawahi kuona. (Makofi.)

Jambo moja nalisema bila mbwembwe. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi hakuyaharakishi. Tembea, fanya kazi unazozimudu. Lakini ukianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi katikati ya mapaja, mguu ukiishiwa nguvu, maumivu yakija na homa, jasho la usiku na kupungua mwili, au yakianza baada ya kuanguka kutoka kwenye mti au pikipiki, usije kwangu. Usingoje soko lipite. Nenda hospitali ya Makandana au Igogwe siku hiyohiyo, na wakikuandikia rufaa ya Mbeya, panda gari. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili za mgongo, na hakuna Daraja la Mungu linalokitibu.

Narudi kwenye ukubwa wangu. Lipo zoezi la sita, ambalo kwa kuheshimu ukumbi nilikuwa nimelificha. Ni kubeba. McGill huyohuyo aliwapima wanaume wa mashindano ya nguvu wakitembea na mizigo, akaona jinsi misuli ya ubavuni na kiunoni inavyofanya kazi kubwa kuizuia nyonga isidondoke kila mguu mmoja unaponyanyuka. Kutembea na mzigo unaoumudu, wima, bila kuyumba, ni shule kamili ya misuli ya ndani. Anayeanza abebe kidogo na aongeze pole pole. Anayebeba kilo 30 kila siku ya soko ameshahitimu na apunguziwe.

Naona mvua imekatika. Mama anajiandaa kutoka. Kwa mamlaka niliyojipa, naagiza kwamba mkungu ule utabebwa na wanaume wa ukumbi huu kwa zamu hadi unakokwenda, kila mmoja hatua mia, kifuani au begani, kwa sababu shingo zenu hazijahitimu. Tumbo livutwe ndani kwa robo ya nguvu. Pumzi isibanwe, mnavijua vituo. Mama atatangulia mikono mitupu na atasahihisha makosa kwa lugha yoyote anayoona inafaa. Mimi nitasimamia, kwa kuwa mtaalamu anahitaji mikono yote miwili ya kuelekezea. Zamu ya kwanza ni ya mwenye suti hii.

Mwenye kupinga anyooshe mkono, haraka, tuone kama tumbo limewahi.